Ng'ombe wa Mama na Droni za Vita

Mama alikubali kumuuza ng'ombe wake kabla sijamaliza kueleza, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angekataa. Nilikuwa nimekuja Kibondo kutoka Kasulu na hoja zangu nimeziandika kwenye daftari, moja chini ya nyingine, tayari kubishana kutwa nzima. Yeye alikuwa ameketi mlangoni anapeta maharage. Aliniuliza jambo moja tu.

"Hiyo kampuni ni ya watu unaowajua?"

"Mmoja namjua. Tulisoma naye chuo."

"Basi muuze," akasema, akapuliza makapi. "Ila kamwambie bibi kwanza."

Hapo ndipo mpango wangu uliponitoka mikononi.

Bibi huyo hatuna naye undugu wa damu. Ni jirani yetu, Muha wa hapa hapa, na shamba lake na letu vimetenganishwa na mstari wa migomba tu. Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto wa miaka sita, kabebeshwa sufuria kichwani, na familia yake ikakaribishwa kijijini hapa na watu waliokuwa wakisema lugha inayofanana sana na yao. Alikulia hapa, akaolewa hapa, akafiwa na baba yangu hapa, na baada ya miaka mingi ya fomu na foleni akawa raia. Mwaka niliozaliwa mimi, bibi alimgabira mtamba mmoja.

Kugabira si kuuza, na si kukopesha. Mtu anakupa ng'ombe, anakuwa wako, maziwa yako, samadi yako. Lakini kuanzia siku hiyo nyumba zenu mbili zimefungwa kamba moja. Ndama mmoja atarudi kwa aliyetoa. Kukiwa na msiba mtazikana. Na uzao wa ng'ombe yule hauuzwi bila aliyetoa kuambiwa anakwenda wapi. Ng'ombe niliyetaka kumuuza alikuwa mjukuu wa yule mtamba, mwekundu mwenye doa jeupe begani, na tumboni alikuwa na ndama.

Nilipokuwa chuo niliwahi kuusema utaratibu huu darasani kama mfano wa mali isiyoweza kuwa mtaji. Mhadhiri alinisifu. Sasa mtaji wangu ulikuwa umefungwa kwenye mti nyuma ya nyumba, unacheua, na haukuwa na habari na sifa zile.

*

Kasulu mjini nafanya kazi kwenye duka la steshenari. Natoa nakala, nachapa barua, na zaidi ya yote nawajazia watu maombi ya ajira kwenye mtandao. Nina shahada ya uchumi. Nimewaombea kazi watu wengi sana, baadhi wamezipata, na wamerudi kunishukuru na soda. Mimi mwenyewe naomba pia, baada ya wateja kuisha. Silalamiki, duka lina feni, na nikiwa pale najua habari za mji mzima kuliko diwani.

Rafiki yangu alinipigia mchana mmoja wakati mashine ya nakala imekwama. Chuoni alikuwa akisoma uhandisi, na tulijuana kwenye kundi la midahalo. Mimi nilikuwa mtu ambaye nikinyoosha mkono wengine wanatazama saa. Yeye peke yake alikuwa hatazami. Alikuwa amepata kazi nchi nyingine ya Afrika, kwenye kampuni changa inayotengeneza droni za kijeshi. Wanauzia majeshi: droni za kuchungulia mipaka, droni za kufuata misafara, na aina nyingine ambayo aliipitia haraka haraka. Sasa kampuni ilikuwa imefungua mlango mdogo, kila mfanyakazi aalike watu wake wa karibu wanunue hisa kabla matajiri hawajaingia.

"Wewe ndiye wa kwanza niliyekukumbuka," akasema.

"Kwa sababu nina hela?"

"Kwa sababu utauliza maswali ambayo mimi naogopa kuwauliza."

Nikayauliza kweli. Nani anamiliki sehemu kubwa? Mkurugenzi alifanya nini kabla ya hapa? Wateja wanalipa kwa wakati? Akanitumia kitabu chao cha maelezo, kurasa nyingi zenye picha za mawingu. Nikakisoma mara tatu nyuma ya kaunta, huku nikiwachapia watu barua za kuomba uhamisho. Kwenye ukurasa mmoja palikuwa na maneno "kuondoa tishio." Nikayapigia mstari. Nikamwuliza maana yake. Akasema inategemea na mteja.

Mimi, ambaye nilishawahi kumsimamisha mchungaji katikati ya mahubiri ya harusi nikataka ufafanuzi, niliridhika na "inategemea na mteja." Nitasema ukweli kwa nini. Ukurasa uliofuata ulikuwa na mstari unaopanda kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia, na nilipoutazama nilijiona mimi mwenyewe nikipanda nao, nimetoka kwenye duka la steshenari, nimetoka kwenye feni ile. Kiwango cha chini cha kununua kilikuwa kikubwa kuliko akiba yangu. Pengo lililobaki lilitoshana na ng'ombe mmoja mwenye mimba.

*

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya jiko, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu ya magoti.

"Ni ndege za kuruka zenyewe," nikamalizia. "Za jeshi."

"Na huyo kijana ni mchumba?"

"Si mchumba, bibi. Ni rafiki."

Akamgeukia mama, ambaye alikuwa amenifuata ili asikose burudani. "Dunia imegeuka. Zamani kijana alikuwa analeta ng'ombe. Huyu anakuja kuchukua!"

Walicheka wote wawili mpaka bibi akashika goti. Kisha akafuta macho na kutoa uamuzi. "Aje. Ng'ombe wangu haendi kwa mtu nisiyemwona."

Nikajaribu kueleza kwamba kampuni haionekani, kwamba siku hizi mtu ananunua hisa kwa simu bila kuonana na mtu. Bibi alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyepoteza ada yote ya shule.

Nilidhani rafiki yangu atakataa, na sehemu yangu moja ilitamani akatae. Lakini alikuwa nyumbani kwao Mwanza kwa likizo na akaona ni jambo la kufurahisha. Alisema hajawahi kuieleza kampuni mbele ya mwekezaji anayecheua. Akapanda basi, na nikampokea stendi ya Kibondo ana vumbi la matengenezo ya barabara kwenye nyusi na sanduku jeusi gumu ambalo alilipakata tangu Kakonko akikataa liwekwe kwenye buti.

Ndani ya sanduku mlikuwa na droni ndogo ya kufundishia marubani wao, isiyo na chochote zaidi ya kamera, na kibali chake kwenye bahasha ya plastiki. Kabla ya kwenda nyumbani tulipita ofisi ya kijiji. Mtendaji alikisoma kibali polepole, akakigeuza, akasoma na upande usio na maandishi, akauliza kama kinahusiana na kambi za wakimbizi. Tukasema hapana, ni nyumbani kwetu tu, kwa dakika chache. Akapiga muhuri karatasi yetu, kisha akaomba apigwe picha amelishika sanduku.

*

Mama alikuwa amepika ugali wa muhogo, maharage, na samaki wa Ziwa Tanganyika, migebuka, kwa heshima ya mgeni. Mgeni alipotaka kunawa mikono bibi akamzuia.

"Chakula kipo, hakikimbii. Maneno kwanza."

Tulikuwa uani: bibi kwenye kigoda, mama kwenye mkeka, majirani wawili wa rika la mama ambao nao walivuka utotoni, na mwalimu wa fizikia wa sekondari anayepanga chumba kwetu. Mwalimu ni mtu wa Tanga, Mwislamu, na tangu alipohamishiwa huku hajawahi kuacha kututania kwamba Waha tunapiga makofi kusalimiana hadi mikono inaota sugu. Siku ile alivaa kanzu, akasema amekuja kama mwakilishi wa sayansi.

Bibi alipiga makofi mawili polepole. "Mwakeye," akasalimu kwa Kiha.

"Shikamoo, bibi," rafiki yangu akajibu, akapiga makofi naye, mengi kupita kiasi.

"Yanatosha, mjukuu wangu, hatujashinda mechi," mwalimu akasema.

Anayemgabira mtu ng'ombe huuliza maswali matatu. Nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni bila kuyatilia maanani, kama mtu anavyosikia mvua. Bibi aliyauliza kwa Kiswahili chake kizito, na alipokwama mama alimsaidia.

"La kwanza. Nani anachunga?"

Rafiki yangu alikuwa amejiandaa. Alieleza juu ya wahandisi, wakurugenzi, bodi, wakaguzi wa nje. Alieleza vizuri sana.

"Wewe ni mmoja wa wachungaji?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Wakikufukuza kesho?"

"Wapo wengine, kazi haitasimama."

"Kwa hiyo nikija kumwona ng'ombe wangu nikakukosa, nitamwuliza nani?"

Rafiki yangu akageuka. Akanitazama. Nikatazama migebuka.

"La pili. Anakula nini?"

"Oda," rafiki akasema. "Majeshi yanaagiza, tunatengeneza, yanalipa."

"Anakula bajeti, bibi," mwalimu akafafanua.

"Na wakati wa kiangazi? Majeshi yasipoagiza?"

"Basi kampuni inakonda kidogo, lakini—"

"Wanaacha kuagiza lini?"

Rafiki yangu alifikiri. Hiyo ndiyo sifa yake ninayoipenda, akiulizwa anafikiri hata kama jibu halitamsaidia. "Pakiwa na amani kwa muda mrefu," akasema.

"Kwa hiyo ng'ombe huyu hushiba watu wakigombana."

Haukuwa ugomvi. Bibi alilisema kama mtu anayesema ng'ombe huyu hapendi majani ya viazi. Lakini nilihisi masikio yangu yanapata joto, kwa sababu nilikuwa nimesoma kitabu kile mara tatu na sikuwahi kuliona jambo hilo, na lilikuwepo pale pale, chini ya mstari unaopanda.

Mwalimu ndiye aliyemtetea mgeni. "Bibi, tusimwonee kijana. Mama hapa aseme: zamani barabara hii ya Kibondo na Kasulu, mabasi yalikuwa yanatembea peke yake?"

"Hapana," mama akasema. "Yalisindikizwa na polisi wenye bunduki. Majambazi walikuwa wanatoka porini."

"Na uliwachukia wale polisi?"

"Nilikuwa nawapa ndizi."

"Sasa kama wangekuwa na kitu cha kuwaonyesha majambazi walipo kabla basi halijafika?"

Mama alikubali kwa kichwa. Majirani nao. Nami nikajikuta nachangamka, nikasema ndiyo, ulinzi ni ulinzi, hata amani ina gharama zake, nikasema mengi. Bibi alisubiri nimalize.

"La tatu," akasema. "Anampiga pembe nani?"

Hili ndilo swali kubwa. Ukimpa mtu ng'ombe mwenye tabia ya kupiga pembe bila kusema, na akamwumiza mtoto wa watu, aibu ni yako wewe uliyetoa, hata akiwa amepita nyumba tatu.

"Adui," rafiki yangu akasema.

"Wa nani?"

"Wa jeshi lililonunua."

"Na kesho akinunua mwingine?"

"Atakuwa adui wa huyo mwingine."

"Na huyo mwingine adui yake ni nani?"

Kuku mmoja alipita katikati yetu bila haraka. Rafiki yangu aliinua mikono akaishusha kwenye magoti.

"Sijui, bibi," akasema. "Wanaoamua hilo ni wakubwa. Mimi natengeneza sehemu ya kutua, ili ishuke bila kuvunjika. Nikikuambia najua inampiga nani nitakuwa nakudanganya."

Bibi akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama aliyeridhika. "Haya. Irushe tuione."

*

Aliiweka katikati ya uwanja nyuma ya nyumba, akarudi nyuma hatua chache. Kijiji kilikuwa tayari kimejaa ukingoni mwa uwanja, kwa maana mtendaji alikuwa amesambaza picha yake. Pangaboi zake zikaanza kuzunguka, mlio ukapanda kama nyuki waliokasirishwa, na kitu kile kikanyanyuka moja kwa moja juu.

Watoto walipiga kelele wakakimbia kuelekea chini yake. Vijana wakatoa simu. Mimi nilikuwa natazama juu nikicheka, sijui kwa nini, ni furaha tu ya kuona kitu kizito kinaacha ardhi. Nilipogeuka nimwambie mama atazame, mama hakuwepo.

Alikuwa chini ya migomba. Majirani wetu wawili pia. Hawakukimbia wala kupiga kelele. Walikuwa wameinuka kwenye mkeka na kutembea haraka, kila mmoja kivyake, bila kuambiana, wakaenda kusimama chini ya majani mapana, mgongo kwenye shina, wakatulia kimya kabisa. Mama alikuwa bado ameshika mwiko.

Walitazamana. Jirani mmoja akamwona mwenzake, yule akamwona mama na mwiko wake, na nikaona bega la mama linaanza kutikisika. Kisha wote watatu walicheka, kicheko cha kuishiwa nguvu, wakishikana, machozi yakiwatoka.

"Jamani, miguu yangu!" mama akasema alipoweza kusema. "Miguu yangu haijui kama nina kitambulisho cha taifa!"

"Ya kwangu imenileta hapa haijaniuliza!"

"Na wewe mwiko ulikuwa unakwenda kupika wapi?"

Bibi alikuwa bado kwenye kigoda, mkono juu ya macho, anaifuatilia droni kama anayefuatilia mwewe. "Mimi sijawahi kukimbia," akasema, "kwa hiyo sikujua kama natakiwa kuogopa."

Rafiki yangu aliishusha haraka, amefadhaika, anaomba radhi kwa kila mtu. Mama alimfuta bega kama aliyemmwagia maji. "Hujafanya kosa, baba. Tulipokuwa tunavuka ilipita ndege. Bibi yangu alitusukuma migombani, na jogoo wetu aliyekuwa kwenye kapu akaamua ndiyo saa ya kuwika. Tulitaka kumla pale pale mbichi." Akacheka tena. "Hebu nionyeshe. Ulikuwa unaona nini kule juu?"

Rafiki yangu alisita. Kisha akageuza kioo cha kuongozea, akarudisha picha nyuma. Uwanja wetu ukaonekana kutoka juu, paa la bati, mti, ng'ombe mwekundu na doa lake, watoto kama punje za mahindi zilizomwagika. Na kando, kwenye kijani, kitenge cha mama, manjano na bluu, wazi kama bendera.

"Majani hayakumficha," rafiki yangu akaniambia kwa sauti ya chini. "Nilimwona muda wote."

Lakini mama alikuwa ameshasikia. Aliinama akajitazama, akasogeza uso karibu na kioo.

"Ni mimi huyu? Kumbe nimenenepa hivi!" Akaita wenzake waje wajione. Walipomaliza kutaniana kuhusu vipara na makalio akasimama wima na kusema, bila huzuni, kama mtu anayepokea taarifa ya bei mpya sokoni, "Kumbe siku hizi migomba haifichi."

Kisha akanigeukia mimi.

"Ng'ombe nilishakupa. Sirudi nyuma. Nijibu tu lile la tatu, wewe mwenyewe, siyo rafiki yako. Ukinijibu naenda kumfungua kamba sasa hivi."

Nilikuwa na majibu. Nilianza kusema kwamba kila pesa inampiga mtu fulani pembe, kwamba hata benki inayotunza akiba ya walimu haijulikani inawekeza wapi, kwamba sisi kukataa hakutapunguza droni hata moja duniani. Na bado naamini hayo yote ni kweli.

"Sikukuuliza pesa za benki," mama akasema. "Nimekuuliza huyu."

Watu wote walinitazama, na safari hii hakuna aliyetazama saa. Nilimtazama rafiki yangu, ambaye alikuwa amepanda basi umbali wote ule na akasema "sijui" mbele ya watu asiowajua. Nilitazama kile kioo. Mstari unaopanda ulikuwa bado upo kichwani, na nilikuwa bado nautaka, nisidanganye.

"Sijui," nikasema.

"Haya," mama akasema. "Chakula kimepoa."

*

Nilidhani yameishia hapo. Tulikuwa tumekwisha nawa na kula, mwalimu anamfundisha mgeni kuchambua mifupa ya mgebuka, bibi alipopiga makofi tena.

Alisema mtu aliyekuja kwake kwa miguu yake, akaulizwa yote matatu na asidanganye hata moja, haondoki mikono mitupu. Alinong'onezana na mama kwa Kiha. Mama akacheka, akakubali. Ng'ombe anabaki. Kilicho tumboni mwake ni cha kijana.

"Mimi?" rafiki yangu akasema. "Mimi nakaa ghorofani, bibi. Nyumba ya kupanga."

"Atachungwa hapa. Wewe ndiye mwenyewe."

"Piga magoti kidogo, halafu makofi," mwalimu akamnong'oneza. "Kidogo! Usituharibie."

Alipiga magoti, akapiga makofi, safari hii kwa kiasi. Bibi akamshika viganja vyote viwili.

"Sasa una mfugo hapa," akamwambia. "Ukiwa huko unatengeneza vitu vyako, ujue hapa pana mali yako, na sisi tunaokuchungia tupo hapa pia. Waambie na wakubwa zako."

Mimi na maswali yangu, jambo la kwanza nililowaza ni kama ndama anaweza kumfunga mhandisi. Mkataba haukuandikwa, na hapakuwa na sheria yoyote. Nilitaka kuuliza. Kisha nikaona uso wa rafiki yangu, jinsi alivyokuwa anashindwa kuinuka pale alipopiga magoti, nikanyamaza. Ilikuwa siku ndefu, na nilikuwa nimeshasema "sijui" mara moja.

*

Bado niko steshenari. Kampuni ile inaendelea vizuri, rafiki yangu hanifichi. Mmoja tuliyesoma naye aliingia kwa mlango ule ule mdogo na amenunua kiwanja Dodoma. Alinitumia picha amesimama kwenye jiwe la mpaka amekunja mikono. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kuna siku nikiwa na foleni ya wateja na umeme umekatika najiambia kwamba nilikuwa mjinga, na siku hiyo hakuna mtu wa kunijibu isipokuwa mimi.

Rafiki yangu bado yupo kwenye kampuni ile. Anasema aliuliza swali la tatu kwenye kikao cha kazi, kwa Kiingereza, bila ng'ombe. Anasema walitazama saa. Anasema ataliuliza tena.

Ndama alizaliwa Jumamosi asubuhi nikiwa nyumbani, mama ameniita nije kusaidia kumkausha kwa matambara. Ni dume, mwekundu kama mama yake, doa limehamia pajani. Alipofikisha wiki mbili nilimpigia rafiki yangu simu ya picha ili mwenye mali aione mali yake. Bibi alikuwa ameletwa na kigoda chake, mwalimu yupo na kikombe cha chai, mama ameshika kamba.

Rafiki yangu alisafisha koo huko aliko. Nyuma yake niliona dirisha la ghorofa na nguo zinazoning'inia. Alipiga makofi mawili, kwa kiasi.

"La kwanza," akasema. "Nani anachunga?"

"Mama," nikasema.

"Nikija nikimkosa?"

"Utamwuliza bibi. Hajawahi kukimbia."

Bibi aliposikia alicheka, akashika goti.

"La pili. Anakula nini?"

"Ananyonya. Na jana alikula ukurasa wa daftari langu, ule wenye hoja."

"La tatu..."

Sikuwahi kujibu. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya yule ndama ili aonekane vizuri, na yeye alikuwa ameichoka simu. Aliinamisha kichwa kile kisicho na pembe hata moja, akarudi nyuma hatua mbili na kunisukuma kifuani kwa nguvu zake zote za wiki mbili. Nilikwenda chali kwenye samadi. Simu ikaruka upande wake, kioo kikitazama mbingu.

Nilisikia vicheko vya watu watatu juu yangu, na sauti ndogo ya rafiki yangu kutoka kwenye majani, ikisisitiza kwamba hajajibiwa, kwamba ana haki ya kujua, anampiga nani?

Mama aliiokota simu, akaifuta kwenye kitenge.

"Huyu mwenye maswali," akamwambia. "Amempata barabara."